Oili ya Mashine ya Theluji

Mama yangu alinunua mashine ya kuondolea theluji mchana kweupe, katikati ya mji wa Singida, akiwa na akili zake zote, na mimi nikiwa hatua ishirini tu kutoka pale aliposimama. Hizo hatua ishirini najilaumu kwazo mpaka leo. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nagombana na muuza nyanya aliyenifichia mbovu chini ya fungu, na mimi nikianza kugombana huwa simalizi haraka.

Alikuwa ametoka kijijini kwetu Ulemo, Iramba, kuja kwangu Mandewa, hapo mjini, kwa ajili ya bega. Bega lake la kulia lilikuwa limemgomea miaka miwili, na siku ile daktari akamwambia bila kumzungusha: mama, kupiga alizeti basi. Kwetu vichwa vya alizeti vikishakauka vinarundikwa uwanjani, majirani wanaitwa, kila mtu na fimbo yake, mnapiga mpaka mbegu zinatoka, halafu wanawake wanapepeta kwa ungo upepo ukiwa mzuri. Leo kwangu, kesho kwako. Mwenye uwanja anapika ugali wa mtama na mlenda, na jogoo wawili watatu wanaiaga dunia. Mama alikuwa na misimu miwili hajaenda kwa mtu, lakini watu walikuwa wanakuja kwake vilevile, na hilo ndilo lililokuwa linamnyima raha.

"Nakula nguvu za watu," aliniambia njiani tukitoka hospitali. "Wananipigia alizeti, mimi nakaa kwenye kigoda kama bwana harusi."

Ndipo nikaenda kwenye nyanya, na yeye akaingia kwenye ua wa jamaa anayeuza vitu vilivyotumika kutoka nje: majokofu, baiskeli, viti vya ofisini visivyo na gurudumu moja. Niliporudi, mashine ilikuwa imeshapakiwa kwenye guta na mama ameishika kwa mkono mmoja kama anayeogopa itashuka itoroke.

Ilikuwa nyekundu iliyopauka. Ilikuwa na matairi mawili ya meno makubwa, mdomo mpana mbele, na ndani ya mdomo chuma kilichojisokota chenye makali. Juu ilikuwa na shingo ndefu ya bati iliyopinda, unayoweza kuigeuza huku na huku. Muuzaji alikuwa anafuta jasho na kutabasamu.

"Mwalimu, mama yako ni mtaalamu," akaniambia. "Mashine ya alizeti hii, ameitambua mwenyewe!"

"Nimeona picha," mama akasema kwa maringo, na kunionyesha.

Karibu na mfuniko wa kutilia oili kulikuwa na kibandiko cha zamani. Upande wa kushoto pamechorwa kitu cha buluu chenye ncha sita. Upande wa kulia pamechorwa duara la njano lenye ncha ncha kuzunguka pande zote. Kweli kabisa, ukikiangalia haraka, na ukiwa mtu wa Iramba, hilo la kulia ni alizeti.

Nilipofika nyumbani nikavaa miwani, nikasoma maandishi ya Kiingereza ubavuni mwa mashine. Nikasoma tena. Halafu nikakaa chini barazani nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na jirani akatoka kuuliza kama kuna msiba.

"Mama, hii ni mashine ya theluji."

"Theluji ndiyo nini?"

"Ile nyeupe iliyo juu ya mlima Kilimanjaro."

"Sasa ile wanaitakia mashine ya nini?"

"Huko Ulaya inawajaa mpaka mlangoni. Wanairusha pembeni na hii."

Akafikiri. "Si wafagie?"

Nikacheka upya. Mama akaningoja, mikono kiunoni, au tuseme mkono mmoja kiunoni, maana wa pili haukuwa unafika. "Umemaliza?"

"Bado."

"Ukimaliza tafuta gari la kuipeleka Ulemo. Kama inarusha theluji, itashindwaje kurusha alizeti?"

Nikavua miwani, nikaenda kutafuta gari.

Mama hakungoja hata mashine ijaribiwe. Jumapili iliyofuata, watu wakitoka kanisani, alisimama pale nje na kutangaza: mwaka huu msije kwangu, pumzikeni, nina mashine. Nilisimuliwa baadaye kwamba aliyejibu ni jirani yetu. Huyu ni mama mmoja mwenye ulimi kama upupu, tunatengana naye kwa uzio wa minyaa tu, na ndiye anayeongoza wapigaji kila msimu. Alisema, "Haya, Mama Mwalimu. Sisi fimbo zetu tunazo."

Mama Mwalimu ndilo jina la mama yangu pale kijijini, kwa ajili yangu mimi ninayefundisha sayansi shule ya msingi. Kila nikienda likizo wanakuja watu na karatasi zao. Huyu ana barua ya shule, yule ana fomu, wengi wana pakiti za dawa: mwalimu, tusomee, hii inanywewa mara ngapi, kabla ya kula au baada? Mama hukaa pembeni nikisoma, anaangalia mbali, hataki watu waone anavyotabasamu. Mwenyewe hajui kusoma hata herufi moja.

Basi mambo yalikuwa hivi: mashine ikifanya kazi, mama angekuwa ameacha kula nguvu za watu, kichwa juu. Mashine ikigoma, angelazimika kuzunguka nyumba kwa nyumba, na bega lake lile, kuwaomba watu wale wale aliowaambia wasije. Namjua mama yangu. Angeziacha zile alizeti ziliwe na panya kuliko kupiga hodi ya namna hiyo.

Likizo ya mwezi wa sita nikaenda. Marundo tisa ya vichwa vya alizeti yalikuwa yamepangwa uwanjani, yamekauka vizuri, na mashine imefunikwa kanga kama mwali. Tukamwita fundi anayetengeneza pikipiki pale njia panda, mtu mzima, mpole, ambaye huongea na injini kuliko na watu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mponye mgonjwa wangu."

Akaizunguka mara tatu. Akafungua huku, akachungulia kule, akatikisa kichwa. "Haina chujio la hewa," akasema. "Haikuwahi kuwa nalo. Hii imetoka mahali pasipo na vumbi."

"Si nilisema!" nikadakia. "Ni ya theluji."

Akakunja kipande cha chandarua mara nne, akakifunga mahali hewa inapoingilia, akasema kitasaidia kidogo. Kisha akamwaga oili ya zamani. Ilitoka nyeusi kama masizi. Akachukua chupa ya oili aliyokuja nayo, namba arobaini, nzito, ile anayowawekea bodaboda wote wa Ulemo.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Tusome maelekezo."

Hapo ndipo ninapotamani mtu angenipiga kofi. Nikainama kwenye kibandiko na miwani yangu. Chini ya kile kitu cha buluu, ambacho ni chembe ya theluji, paliandikwa 5W-30. Chini ya lile duara la njano, ambalo ni jua, paliandikwa 30 peke yake. Kwa hiyo, nikawaeleza kwa sauti ya darasani, watengenezaji wametaja oili mbili. Mashine ni ya theluji. Oili ya theluji ni hii hapa. Tunaweka hii.

"Na hiyo ya alizeti?" mama akauliza.

"Mama, hilo siyo alizeti. Ni jua."

"Jua gani lina maua pembeni?"

"Ni miale hiyo!"

"Mimi naona alizeti. Na tunachopiga ni alizeti. Weka ya alizeti."

Fundi akakohoa kidogo. "Madam, bibi anasema vizuri. Hiyo ya kushoto ni nyepesi sana. Ni ya kwenye baridi. Huku kwetu ikipata moto inakuwa maji. Hiyo ya kulia ni namba thelathini, mimi sina, ila arobaini haitaidhuru kwa joto letu."

"Asubuhi hapa siyo baridi?" nikamuuliza. "Leo umeamka na koti au hukuamka nalo?"

"Nimeamka nalo."

"Sasa!"

"Lakini saa sita nilikuwa nimelivua." Akatafuta namna ya kunielewesha. "Madam, asali. Asubuhi ukiinamisha chupa haitoki. Iweke juani, inakimbia. Sasa kama tangu asubuhi inakimbia, mchana itakuwaje?"

Jamani, mimi ndiye ninayefundisha somo hilo. Nina hata chupa ya asali kabatini shuleni kwa ajili ya kuwaonyesha watoto joto linavyofanya vitu vizito kuwa vyepesi. Lakini kuambiwa na mtu aliyeshika spana, mbele ya mama yangu, na huku yule jirani ameshaanza kuchungulia juu ya minyaa, hapana. Damu ilinipanda.

"Wewe uliwahi kufika huko inakotengenezwa?" nikamwambia. "Wenye mashine wameandika. Mimi nasoma walichoandika. Wewe unanihadithia asali."

Akafunga chupa yake. Mama akanitazama, akamtazama fundi, akashusha pumzi. "Haya," akasema. "Yeye ndiye anayejua kusoma."

Kesho yake nilipanda basi kwenda mjini na kurudi siku hiyo hiyo kwa ajili ya kopo moja la oili. Muuza oili alilipanguza vumbi kabla ya kunipa, akaniuliza nina gari gani la kisasa. Nikamwambia sina gari, nina mashine ya theluji. Aliniwekea kopo mkononi taratibu, kama unavyompa kitu mtu ambaye hujui atafanya nini baadaye. Fundi aliitia vilevile, ila akanionyesha kijiti cha kupimia oili na kunisisitizia: kila baada ya saa moja, zima mashine, chomoa kijiti, angalia. Nikasema sawa.

Siku ya kazi niliamka na kuvaa sweta mbili. Mwezi wa sita kwetu asubuhi upepo unakata, na mama akiongea mvuke unamtoka mdomoni. Nikavuta kamba ya kuwashia mara ya kwanza, ikakohoa. Mara ya pili, ikawaka! Jamani, iliwaka kwa sauti nzuri, laini, na kuku wote wa jirani wakaruka ukutani. Nikamgeukia fundi. Uso wangu ulisema yote.

Tukaisukuma kwenye rundo la kwanza. Ule mdomo ukavimeza vichwa vya alizeti kwa mlio wa kutafuna, na papo hapo shingo ya bati ikavitema vyote, mbegu, makapi na vipande, juu, juu kabisa, vikapita uzio na kwenda kunyesha juu ya bati la jirani. Kelele iliyotoka huko siwezi kuiandika. Kuku walishuka ukutani haraka kuliko walivyopanda.

"Mama Mwalimu!" jirani akapaza sauti. "Unanipepetea mimi?"

"Karibu!" mama akajibu.

Halafu mama akafanya jambo ambalo mimi na elimu yangu nisingelifikiria. Akaokota makapi kidogo, akayaachia hewani, akaangalia yanakoelekea. Akaishika ile shingo kwa mkono wake mzima wa kushoto, akaigeuza ielekee upepo unakotoka, akaiinamisha kidogo. "Endelea," akaniambia. Safari hii alizeti zilipanda, zikakutana na upepo, na makapi yakarudishwa nyuma kama yamesukumwa, na mbegu, nzito, nyeusi, zikaanguka zote kwenye turubai tulilotandika uwanjani. Rundo zima. Nimemwona mama yangu akipepeta tangu nikiwa mgongoni mwake, na alikuwa anapepeta vilevile, ila badala ya ungo ameshika shingo ya mashine ya Wazungu. Upepo ukihama kidogo, anahamisha. Akaanza kuimba. Akaanza na kucheza, mzee wa miaka ile, miguu tu, maana mkono mmoja una kazi na mwingine ni mgonjwa.

Watu wakajaa kwenye uzio. Rundo la kwanza likaisha. La pili likaisha. Mama akawa anawapungia watu kwa kidevu.

Jua lilikuwa limeshapanda. Sweta zangu zote mbili zilikuwa juu ya mti. Fundi alikuja mara moja akaninong'oneza, "Madam, tuzime tupime oili." Nikamwambia bado kidogo. Alikuja mara ya pili. Nikamwambia akae. Nisidanganye, sikusahau kupima. Sikutaka kuizima mbele ya watu wote wale ionekane nina wasiwasi. Kulikuwa na moshi, moshi wa buluu unaotoka nyuma, na mimi nilijiambia ni vumbi la makapi. Vumbi la buluu! Mwalimu wa sayansi!

Katikati ya rundo la tatu ikaanza kugonga ndani, ka, ka, ka, kama mtu anayebisha hodi kwa rungu. Fundi alikimbia, lakini alichelewa. Ikalia mlio mmoja mrefu, ikasimama. Nikavuta kamba. Haikuvutika hata inchi.

Mama alikuwa bado ameshika ile shingo, ameielekeza kwenye upepo.

Fundi akachomoa kijiti cha kupimia. Kikavu. Akakigusa kwa kidole, akanionyesha kidole, safi. "Imekunywa oili yote," akasema kwa sauti ya chini. "Imepata moto, ikawa maji, ikaungua yote. Ile oili haikuwa ya hapa."

Sauti ilikuwa ya chini, lakini jirani ana masikio. "Kwani hiyo oili," akauliza kutoka kwenye uzio, "ilichaguliwa na nani?"

Fundi akaangalia chini. Watu wote wakaniangalia mimi. Miongoni mwao nilimwona yule mzee niliyemsomea dawa zake za presha juzi yake tu, na dada mmoja aliyekuwa ameniletea pakiti ya dawa za mtoto wake. Nikafungua mdomo.

"Mimi," mama akasema.

Akaiachia ile shingo, akajipangusa mikono kwenye kanga. "Nimechagua mimi. Mwalimu alinikataza, fundi naye akanikataza. Nikawabishia. Niliona kale kapicha ka buluu nikakapenda."

Wakacheka! Mungu wangu, walicheka. Walishikana mabega. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. "Bibi na oili wapi na wapi! Amependa kapicha!" Na mama naye akacheka nao, akaitikia kila utani, akarusha wa kwake. Mimi nilisimama pale na kamba mkononi. Ningeweza kusema. Neno lenyewe ni moja, mimi, kama alilosema yeye. Nikanyamaza, na aibu ikanishuka kutoka kichwani mpaka kwenye nyayo.

Jirani alipochoka kucheka alisimama, akaingiza mkono nyuma ya minyaa, akatoa fimbo. Na mwingine akatoa yake. Na mwingine. Fimbo zote zilikuwa zimeegemezwa upande wa pili wa uzio tangu asubuhi, walikuja nazo. Mama alitaka kusema kitu kuhusu bega, kuhusu kula nguvu za watu, jirani akamkatiza. "Wewe kaa huko na mashine yako ya kapicha. Nani anapika?"

Hakuna aliyekuwa amepika chochote. Nikatupa kamba, nikaanza kufukuza majogoo.

Jioni watu walipokwisha kutawanyika, marundo saba yakiwa yamepigwa na kupepetwa, nilimkuta mama jikoni anakwangua chungu cha mlenda. Nikakaa chini karibu naye. Nililia kwanza, sifichi, nikalia kama mtoto, ndipo nikaweza kumuuliza kwa nini alisema vile.

"Ulitaka niseme nini?"

"Ukweli. Wamekucheka siku nzima, mama. Na wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Ulisema tangu mwanzo tuweke ile ya alizeti."

"Mimi wakinicheka, kesho wamesahau. Kizee amekosea mashine, basi." Akaendelea kukwangua. "Wewe watu hawa unawasomea dawa. Wakisikia mwalimu kasoma kibandiko vibaya, kesho nani ataamini ukisoma cha dawa? Yule dada mwenye pakiti ana mtoto mdogo."

Akanisukumia chungu nimalizie, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea pakiti ya dawa na kuna neno sina hakika nalo, nasema sina hakika, nampigia simu mfamasia ninayemfahamu mjini, watu wananingoja. Mara ya kwanza ulimi uliniwia mzito. Sasa nimezoea.

Injini haikufa kabisa. Fundi aliifungua yote, akakwangua, akabadilisha ringi, akapata pistoni ya jenereta inayoingia kwa kubembelezwa. Nilimwomba radhi pale pale kwenye kibanda chake, mbele ya bodaboda wake wote, nikamletea na chupa ya asali. Akaipokea akaiinamisha, akaangalia inavyotoka, akasema, "Namba arobaini hii." Huyo ndiye mtu mpole niliyemfokea.

Msimu uliofuata mama akaja na wazo jipya. Mashine haitakaa kwake. Itaanzia kwa jirani, halafu nyumba inayofuata, halafu inayofuata, uwanja hadi uwanja, watu wakipiga vichwa kwa fimbo na mashine ikipepeta tu ili isichoke, na mama akiwa ameshika shingo. Kwa hiyo alikuwa anakwenda kwa wenzake tena. Nilipofika likizo nilikuta ameshanyoosha gauni la kazi na kuliweka kwenye kiti.

Asubuhi ile uwanja wa jirani ulijaa. Fundi alikuja na chupa mbili za oili, nyepesi na nzito, kwa utani tu, akaziweka juu ya mashine. Jirani akapaza sauti watu wote wasikie: "Mwaka huu Mama Mwalimu asiguse oili! Achague mwalimu!"

Wakacheka. Nilikuwa nimelibeba lile neno mwaka mzima, na nilihisi nisipolisema pale sitalisema tena. "Achague mama," nikasema. "Mwaka jana aliyechagua oili ni mimi. Yeye na fundi ndio walionikataza. Mimi ndiye niliyewabishia."

Kicheko kikakatika. Nikamwona dada mwenye mtoto ananitazama. Fundi akajishughulisha na plagi.

"Mwongo huyu," mama akasema papo hapo. "Msimsikilize. Ananionea huruma kwa sababu ya bega."

"Mama, nasema kweli."

"Nyamaza, mwanangu." Akanivuta kwa mkono wake mzima, akaniinamisha kwenye kibandiko, karibu kabisa, mpaka miwani yangu ikagusa bati. Akaweka kidole juu ya lile duara la njano lenye ncha zake. "Mbele ya watu hawa wote. Soma. Hili ni nini?"

Nikaangalia. Kibandiko kilikuwa kimepauka zaidi, na zile ncha zilikuwa zimebaki manjano tu.

"Alizeti, mama," nikasema.

"Basi mwambie fundi aweke ya alizeti."